Ndoo ya Bi Mwajabu

Kusogeza ndoo si kubisha hodi. Ukiisikia methali hii mahali popote Tanga, ujue msemaji amekulia mtaani kwetu Bombani, au ameoa kwetu. Chanzo chake wengi wanakijua na wengi wanakisimulia, ila wakifika pazito husema "jirani mmoja." Siku niliyokisikia mimi kwa ukamilifu, aliyekuwa anasimulia alikuwa jirani mwenyewe.

Tulikuwa wasichana watano uani kwa Bi Sauda, tunachagua chuya kwenye mchele wa harusi ya mjukuu wake. Mwenzetu mmoja, Mishi, ana shangazi yake anayekaa uchochoro wa pili kutoka pale, na shangazi huyo alikuwa mgonjwa. Bi Sauda akamuuliza anaendeleaje.

"Nilimpigia simu juzi, hakupokea," Mishi akasema. "Nikamwandikia ujumbe. Na jana nikampa salamu zake yule dada wa vitumbua, maana anapita kule."

"Salamu zilifika?"

"Zitakuwa zimefika, Bi Sauda. Na ujumbe ulionyesha umekwenda."

Bi Sauda akatua ungo wake mapajani. "Kusogeza ndoo si kubisha hodi," akasema.

Tukacheka, kwa kuwa maneno hayo tumeyasikia tangu tukiwa watoto, tukitumwa au tukikosea. Mishi akasema, "Kila siku ndoo, ndoo. Sisi tumezaliwa bomba likiwa ndani. Hiyo ndoo yenyewe ilikuwa ya nani?"

"Ilikuwa ya Bi Mwajabu," Bi Sauda akajibu. "Na aliyeisogeza ni mimi. Haya, chagueni mchele, nitawaambia."

Tukainamia mchele. Bi Sauda akatusimulia hivi.

Zamani mtaa huu mzima ulikuwa na bomba moja, pale kwenye kona panapouzwa mkaa sasa. Maji yalikuja yanapotaka yenyewe. Siku nyingine ukifungua, bomba linapiga mluzi tu, upepo mtupu, na hivyo hivyo siku ya pili na ya tatu. Yakija sasa, ni vita. Wanawake wa Bombani tulikuwa na sifa mbaya mji mzima. Aliwahi mwanamke wa hapa kumng'ata mwenzake sikio kwa ajili ya nafasi ya foleni, na toka siku hiyo mitaa mingine wakatuita Wang'ata Masikio. Msichana wa kwetu akiolewa nje, mawifi walimpokea wamejifunika kanga mpaka masikioni. Utani, lakini ulituuma.

Aliyeimaliza vita ile alikuwa Mzee Mhina, mtu wa reli aliyestaafu. Nyumba yake ilitazamana na bomba, na kelele zetu zilikuwa zimemchosha. Siku moja akatoka na fimbo yake, akatupanga, akasema, "Kuanzia leo, ndoo ni mtu. Ndoo ikishawekwa kwenye foleni, mwenyewe yupo, hata kama amelala kwake. Aliyepo bombani atasogeza ndoo zote, si yake tu. Iliyofika ataijaza, ataiweka pale kwenye saruji, mwenyewe ataifuata. Atakayeruka ndoo ya mtu ameruka mtu, na mimi nitamruka yeye."

Tukaifuata. Na wanangu, ilitutengeneza. Hapakuwa tena na kupigana. Kusogeza ndoo ya jirani kabla ya yako ikawa ndiyo heshima, ndiyo ujirani wenyewe. Mtu akitaka kumsifu mke wa mtu anasema, "Yule anasogeza ndoo za watu." Tulizijua ndoo zote kama tunavyojuana sura. Ya fundi cherehani ilikuwa na tundu lililozibwa kwa sabuni. Ya mama yake Hiza ilikuwa kopo la rangi, na mdomo wake haujaisha rangi ya bluu. Ukiuliza, "Fulani siku hizi simwoni, yuko wapi?" unaonyeshwa kwa kidole: "Si huyo hapo, wa tisa." Na wewe unaridhika. Ndoo ikishakuwa mtu, mtu huna haja ya kumtafuta.

Bi Mwajabu alikuwa mjane, msuka mikeka, anakaa chumba cha nyuma kinachofungukia kichochoroni, ukuta mmoja na nyumba hii, tuliyokuwa tumepanga mimi na mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno. Ukimwambia shikamoo asubuhi, unaweza ukamaliza kuitikiwa adhuhuri. Atakuanzia na siku alipoolewa kwenye mashamba ya mkonge, atakufikisha kwa mnyapara mwenye jicho moja, atarudi kwenye mkonge. Tulimpenda, lakini tukiwa na haraka tulipita upande wa pili.

Mwanawe alikuwa Zaina, shoga yangu. Tuliolewa mwaka mmoja. Siku moja ikaja habari kwamba mkwewe Zaina amelazwa huko Handeni, na yeye ndiye wa kwenda kumuuguza. Akanifuata hapa hapa uani. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, ndiye baba wa huyu mjukuu wangu anayefunga ndoa wiki hii.

"Mama anabaki peke yake," akaniambia. "Ana homa ya kuja na kwenda, na mwenyewe hatakuambia."

"Bi Mwajabu huyu asiseme?" nikamwambia. Nilikuwa nacheka.

"Ndivyo alivyo. Akiwa mzima anasema. Akiumwa ananyamaza. Ukiona kimya, Sauda, ndiyo uingie."

"Nenda, shoga. Kwani mama yako si mama yangu?"

Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu.

Zaina akaondoka Jumapili. Jumatatu asubuhi Bi Mwajabu akaja bombani mwenyewe. Ndoo yake ilikuwa ya bati, mkono wake umeviringishiwa kitambaa cha kijani usimkate vidole, na juu ameifunika sahani ya bati. Akaiweka mwisho wa mstari akashika kiuno.

"Nimekuwa wa ngapi, Sauda?"

"Wa ishirini na mbili, Bi Mwajabu."

"Basi nitaoga mwezi ujao. Mkinisikia nanuka, msinitenge."

Tukacheka. Nilitega sikio aendelee, mkonge uanze. Hakuendelea. Akajifunga kanga vizuri akashika njia ya kwake, polepole, mkono ukutani. Nikasema moyoni, leo nimepona.

Jumanne bomba lilipiga mluzi. Jumatano yakaja maji. Nilikuwa pale na mtoto mgongoni, nikasogeza. Kila mara nilianza na ndoo ya Bi Mwajabu kabla ya yangu, kwa kuwa niliahidi. Ikatoka ya ishirini na mbili, ikafika ya kumi na moja. Mama yake Hiza akauliza, "Bi Mwajabu hajambo? Simsikii." Nikamwambia, "Huyo hapo, wa kumi na moja." Akaiinamia ile ndoo akasema, "Shikamoo, Bi Mwajabu." Mwingine kutoka nyuma akaitikia kwa sauti ya kizee, "Marahaba mwanangu, kaa nikusimulie." Tulicheka mpaka mtu akamwaga maji.

Alhamisi alasiri ndoo hiyo ikafika bombani. Niliijaza mimi, ikajaa mpaka mdomoni. Nikaiosha sahani, nikaifunika, nikaiweka kwenye saruji. Jua likashuka, hakuna aliyeifuata. Kesho yake asubuhi ilikuwa hapo hapo.

"Bi Mwajabu siku hizi ana maringo," mtu akasema. "Anataka maji yapelekwe kwa matarumbeta."

Basi nikaona niipeleke mimi. Huo ulikuwa wema wa ziada, maana amri ya Mzee Mhina iliishia kwenye saruji. Nikainjika sufuria kwanza. Wanaume walipotoka kuswali Ijumaa, jua kali, nikajitwika ndoo ile, mtoto mgongoni amelala, nikaingia kichochoroni.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri.

Nilifika mlangoni. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa ndani. Jikoni nilikuwa nimeacha maharage motoni. Nikafikiri, nikisema hodi, ataniita ndani. Akiniita ndani, atanianzia mkonge, na maharage yataungua, na mtoto ataamka. Nikapiga goti, nikaishusha ndoo kizingitini. Mkono wa ndoo ya bati mnaujua, ukiuachia unagonga pembeni unalia. Nikaushika. Nikaulaza polepole, usilie.

Nilipokuwa nainuka nikasikia kitanda kinalia ndani, kamba zile za kitanda, kama mtu anageuka. Nikasema moyoni, yupo, amelala, akiamka atayaona maji yake. Nikarudi kwangu kwa ncha za vidole. Maharage hayakuungua.

Hapo mikono ya Bi Sauda ilikuwa ndani ya mchele lakini haikuchagua kitu. Sisi pia hatukuchagua. Baadaye akaendelea.

Zaina alirudi Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nilimsikia anapita kichochoroni, naye ana furaha, mkwewe alikuwa amepata nafuu. Alikuwa na mzigo wa miwa kichwani, mama yake alipenda miwa. Nikamsikia anasema, "Mama, ndoo imejaa nje, mbona huiingizi?" Kisha sikusikia kitu. Nikatandika kitanda. Nikasikia naitwa.

"Sauda." Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayetaka kuazima chumvi.

Nikaenda. Mlango ulikuwa umefunguka nusu, haukuweza kufunguka wote, kwa kuwa Bi Mwajabu alikuwa sakafuni nyuma yake. Hakuwa kitandani. Alikuwa katikati ya kitanda na mlango, amelala kifudifudi, na mkono mmoja umetangulia mbele. Pembeni ya mkono palikuwa na kikombe cha bati, kikavu. Zaina alikuwa amekaa kizingitini, miguu upande huu, ndoo upande ule.

"Hii ndoo nani kaileta?" akaniuliza.

"Mimi."

"Lini?"

"Jana, watu walipotoka msikitini."

"Ulimwona?"

"Sikumwona, Zaina."

"Alikujibu nini?"

Nikaitazama sahani juu ya ndoo.

"Nakuuliza, Sauda. Ulipomwita alikujibu nini?"

"Sikumwita."

Akaitazama ndoo, akanitazama. "Ulifika hapa nilipokaa mimi."

"Nilifika."

"Na juzi?"

"Juzi niliijaza."

"Na siku ya nyuma yake?"

"Niliisogeza. Kila mara nilianza na yake kabla ya yangu. Waulize wote, Zaina, sikuiacha hata siku moja."

"Mimi nilikuachia mama," Zaina akasema. "Sikukuachia ndoo."

Watu walikuwa wameanza kujaa kichochoroni. Mzee Mhina alifika na fimbo yake. Mtu mmoja akataka kunitetea, akasema, jamani, huyu binti amefanya ujirani, kila mtu alimwona anasogeza. Hapo ndipo Zaina aliposema, bado amekaa, bado sauti iko chini: "Kusogeza ndoo si kubisha hodi."

Mzee Mhina aliegemeza fimbo yake ukutani, na hakuichukua tena siku ile.

Akaletwa mama mwosha maiti. Alimgusa Bi Mwajabu shingo, akamkunja kiwiko, akatutazama sisi tuliokuwa chumbani. Alikuwa mtu mkavu, kazi yake ilimfanya hivyo. Akasema, "Huyu hakufa juzi wala jana. Huyu ni wa alfajiri ya leo." Akainama tena kwenye kazi yake. Nadhani hakujua amesema nini. Mimi nilijua, na Zaina alijua. Ile Ijumaa mchana, mimi nikiwa nimeshika mkono wa ndoo usilie, Bi Mwajabu alikuwa hai. Kile kitanda kililia kwa sababu alikuwa anajaribu kushuka.

Wanawake wakataka kumwaga yale maji. Wakasema yamelala nje, yameingia vumbi, tutateka mengine safi. Zaina akaweka mkono juu ya sahani.

"Msiyamwage," akasema. "Mama aliyapangia foleni. Mwosheni nayo."

Akaoshwa nayo. Hayakutosha, ndoo moja haitoshi kumwosha maiti, na bomba siku ile lilikuwa likipiga mluzi. Mzee Mhina akapita kwenye nyumba moja moja, mwenyewe, akaomba kila nyumba kata moja ya maji. Kila mlango alisema hodi, akangoja aitikiwe, ndipo akasema shida yake. Alikuwa mtu wa kutoa amri, hakuwa mtu wa kubisha hodi. Tukazika alasiri.

Kesho yake alisimama bombani akasema, "Niliwaambia ndoo ni mtu. Nilikosea. Ndoo ni ndoo." Akaweka amri nyingine: anayejaza ndoo ya mtu ampelekee mpaka kwake, abishe hodi, na asiondoke mpaka aitikiwe. Asipoitikiwa, aingie. Ndiyo maana mpaka leo watu wa Bombani mnachekwa mkienda mitaa ya watu. Wanasema nyinyi mnabisha hodi hata kwa mtu aliyekaa barazani anawatazama. Wanawaita Hodi-Hodi. Lile jina la Wang'ata Masikio limekufa, hili limeshika. Mimi sikasiriki nikiitwa hivyo.

"Na Zaina?" Mishi akauliza.

Zaina alihamia chumba cha mama yake, Bi Sauda akasema. Nilikwenda kila siku baada ya kupika. Nilisimama pale pale kizingitini nikasema hodi. Hakuwahi kuninyima jibu, hawezi, amri ilikuwa imeshawekwa na chanzo chake ni mama yake. Alijibu, "Nipo." Basi. "Nipo." Hakusema karibu. Nami nilingoja kidogo, nikarudi. Mvua zilikuja zikaisha, zikaja tena, mtoto wangu akaanza kutembea, akawa ananifuata anashika kanga yangu, naye anasema hodi kwa kitoto. Hata yeye alijibiwa hivyo, nipo. Miaka mitatu. Kisha mumewe akapata kazi Arusha, wakahama, na siku ya kuondoka walipita mbele yangu na vyombo vyao juu ya mkokoteni, na ile ndoo ilikuwa juu kabisa, kitambaa cha kijani bado kipo. Sikumwona tena. Nilisikia amefariki mwaka ule wa mvua kubwa.

Kile chumba mwenye nyumba alikibomoa. Lakini mimi nikipita pale, mdomo unasema hodi wenyewe.

Bi Sauda akachukua ungo wake. Mishi alitoa simu yake kwenye pindo la kanga.

"Nimpigie tena kwanza," akasema.

Bi Sauda alitoa chuya moja, akaitupa. Mishi akaishikilia simu mkononi, akaigeuza, kisha akaiweka juu ya mkeka, akajipangusa vumbi la mchele, akajitanda kanga akatoka.

Nyumba zetu ziko karibu karibu. Ukiwa uani kwa Bi Sauda, mtu akibisha hodi uchochoro wa pili unamsikia. Tukamsikia Mishi. Hodi. Kimya. Hodi tena, sasa sauti imepanda kidogo. Kimya. Bi Sauda alikuwa ameuinua ungo apepete, na ungo ukabaki juu, mikono yote miwili imeushika, na sisi hatukuthubutu kugusa mchele. Nilimwona midomo inasema, taratibu, "Ingia, mwanangu. Ingia." Tukasikia mlango unasukumwa, kisha sauti ndogo ya mtu mgonjwa, nyembamba, lakini tuliisikia sote: "Karibu. Karibu ndani."

Bi Sauda aliushusha ungo mapajani. Alikaa hivyo, akisikiliza upande ule, ingawa hapakuwa na kitu kingine cha kusikia. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akatuambia tuendelee, mchele ni mwingi na harusi haingoji. Na alipoanza kupepeta akasema, safari hii si kwa ajili yetu:

"Kusogeza ndoo si kubisha hodi."